Kila Sauti na Faili Lake

Watu wa Makambako wakitaka biti huenda kwa Obed. Hawaendi kwa sababu ya uzuri wa studio. Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya saluni ya dada yake Getruda, na ukitaka kuingia lazima upite katikati ya wanawake waliokalia viti na vichwa vyao ndani ya mashine za kukaushia nywele, ambao watakuuliza umetoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, na huo wimbo wako unamsema nani. Wanaenda kwa sababu Obed anajua kupiga kinanda, hachoki kurudia, na tuseme ukweli, hakuna mwingine wa karibu.

Kinanda alijifunzia kanisani kwao, kijiji cha Yakobi, Njombe, akiwa bado anavaa kaptula za shule. Hapo ndipo alipopata uzuri wake na ubaya wake pia. Mpiga kinanda wa kwaya hana muda wa kufanya jambo mojamoja. Mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unabeba wimbo, ngoma inajipiga yenyewe kutoka tumbo la kinanda, na macho yanamtazama mwalimu wa kwaya asije akaongeza ubeti bila taarifa. Obed alipokuwa mtu mzima na kununua kompyuta, kwa msaada wa parachichi za msimu mzima za mama yake, aliendelea vilevile. Aliweka maiki moja katikati, akawasha kinanda, akawaambia watu waimbe, akarekodi. Wakikosea, wanaanza upya wote. Wakipatia, wimbo umekwisha, waingie wengine. Kwake muziki ulikuwa kitu kinachofanywa na watu kwa pamoja, kama kula.

Kwa namna hiyo alitengeneza nyimbo nyingi sana, na kwa namna hiyohiyo aliumia mara nyingi. Mwimbaji akianza kusikika, akapata mtu wa kumpeleka studio kubwa, kule studio kubwa walimtengenezea biti nyingine. Sauti ilipanda gari, biti ikabaki stendi. Obed alikuwa akicheka jambo hilo likitajwa, lakini Getruda, anayemjua, alikuwa akibadilisha mazungumzo haraka.

Ndipo akaja Konsolata. Huyu ni muuza dagaa wa Nyasa, mzaliwa wa Ludewa upande wa ziwani, Mkatoliki ambaye Walutheri wa Yakobi walimwazima kwa ajili ya wimbo mmoja na mpaka leo hawajamrudisha. Alikuwa na wimbo wake wa kushukuru mvua iliyochelewa, mvua ambayo watu walishakata tamaa nayo kisha ikaja yote kwa wiki moja. Aliuimba sokoni huku anapima dagaa, na watu wakawa wananunua kuliko walivyokusudia. Obed aliusikia, akampeleka Yakobi, akamweka mbele ya kwaya ya mama yake, akapiga kinanda, akarekodi. Wanawake wakapiga makofi yale ya kwao, ambayo hayaangukii pale unapoyategemea, yanachelewa kidogo kama mtu anayecheka baada ya wenzake. Hiyo ndiyo biti. Obed mwenyewe alipoisikiliza alijua hajawahi kufanya kitu kizuri kama hicho, na alitembea siku nzima akiwa na furaha ya kijinga.

Kaka yake Konsolata, mwenye malori ya mbao, aliusikia wimbo akasema huu hauwezi kubaki hivi. Akalipia kazi kwa Joackim, fundi wa Mbeya ambaye kazi yake si kurekodi tu, bali kuchukua sauti zote za wimbo na kuzipanga, hii juu, hii chini, hii kulia, hii kushoto, mpaka wimbo uweze kukaa redioni pamoja na nyimbo za wakubwa bila kuona haya. Konsolata alikwenda Mbeya, akarekodi sauti yake upya huku akisikiliza biti ya Obed masikioni. Obed alikuwa ameshatuma biti yenyewe kwa simu, kwaya ikiwa imerudia bila Konsolata, faili moja, akakaa kusubiri sifa.

Joackim alipiga simu Jumatatu asubuhi.

"Kaka Obed," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mpole aliyekwisha kuchoka. "Biti nimeipata. Nzuri. Lakini ulichonitumia ni makande yaliyokwisha kuiva. Halafu unategemea nipunguze chumvi kwenye maharage tu, mahindi niyaache yalivyo. Nitaipunguzaje?"

"Kwani chumvi imezidi?"

"Imezidi sehemu na imepungua sehemu. Nikipandisha makofi, na kinanda kinapanda. Nikishusha kinanda, kwaya inazama. Vyote viko sufuria moja. Nataka kila kitu na faili lake. Ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, makofi peke yake. Usiweke mwangwi wala manjonjo, hayo ni kazi yangu. Na waimbaji kila mmoja peke yake."

"Kila mmoja?" Obed alisimama. "Kaka, hiyo ni kwaya."

"Wako wangapi?"

"Wanane."

"Basi mafaili manane. Na mwendo usibadilike, maana Konsolata ameshaimba juu yake."

Obed alikaa tena. Joackim akaendelea, bila ubaya wowote, na labda hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mwisho Ijumaa jioni. Jumamosi namaliza wimbo huu, wiki inayofuata nina watu wengine. Ukishindwa usijali, nina biti yangu hapa ya ufunguo huohuo. Nitamwekea dada wa watu, wimbo utatoka tu."

Simu ikakatika. Upande wa pili wa ukuta mashine ya nywele ilikuwa inavuma, na mtu anacheka. Obed alitazama kinanda chake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeambiwa atauzwa. Wimbo ungetoka, ndiyo. Ungetoka bila yeye, kama ile mingine yote, na safari hii bila makofi ya Yakobi na bila kwaya. Aliogopa, na kwa kuwa Obed akiogopa huwa anafanya kazi, alivua koti akaanza palepale.

Vyombo havikumsumbua sana. Alisikiliza biti ya zamani masikioni, akapiga besi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukalia ili usiingilie. Akarudia kinanda bila besi. Akatoa ngoma peke yake. Ilikuwa kazi ya ajabu, kupiga kitu nusu na kujizuia kukimaliza, na kufikia jioni mkono aliokuwa ameukalia ulikuwa umekufa ganzi. Kesho yake alifungasha kompyuta, maiki, na hedifoni yake moja ya pekee, akapanda gari kwenda Yakobi.

Mahali pa kurekodia alikuwa ameshapawaza njiani: ghala la viazi la mama yake. Magunia yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari pande zote, na sauti ukiitoa humo ndani hairudi, inamezwa. Walining'iniza blanketi mlangoni. Baridi ilikuwa ileile ya Njombe inayoingia kwenye mifupa bila hodi, na wanakwaya walikuja wamevaa masweta mawilimawili na vitenge juu yake, wakijua kwamba wanakuja kuimba kama kawaida.

"Kamwene," mzee Abrahamu alisalimia kwa Kibena, akaangalia magunia. "Tunaimbia viazi leo?"

Obed akawaeleza. Ataingia mtu mmoja mmoja. Atavaa hedifoni, atausikia wimbo wote masikioni, naye ataimba sehemu yake tu. Wengine watasubiri nje.

Walimtazama kwa huruma. Kwaya ile imeimba pamoja tangu Obed hajazaliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujifunza sauti yake kutoka kwenye karatasi. Mtu aliingia kwaya akapangiwa nafasi, akasimama karibu na anayejua, akamwegemea kwa sikio mpaka naye akajua, na tangu hapo hakuhama nafasi hiyo ila kwa ugonjwa. Ukimwambia mmoja aimbe peke yake ni sawa na kumwambia atoke nyumbani na mguu mmoja, mwingine utamfuata baadaye.

Hata hivyo wanawake wa sauti ya kwanza walijitahidi. Wao ndio wanaobeba wimbo, hawapotei. Makofi yalirekodiwa kwa pamoja, maana Obed alipojaribu kumpigisha mtu mmoja mmoja, ule uchelewaji mtamu ulitoweka kabisa, wakabaki watu wanaopiga makofi kama wanafukuza kuku. Hapo aliamua kwamba Joackim ataelewa. Vijana wa sauti ya tatu nao walipita, mmoja kwa kubahatisha. Tatizo lilianza kwa wazee wa sauti ya nne.

Mzee Abrahamu aliingia, akavaa hedifoni, akasikiliza kwa adabu mpaka mahali pa kwaya, akafungua mdomo, akatoa sauti ambayo haikuwa ya nne wala ya kwanza. Walirudia. Ikatoka nyingine mpya. Kwa mara ya tatu alivua hedifoni.

"Mwanangu, usijisumbue. Mimi sauti yangu naichukua kwa Emanuel."

Akaitwa mzee Emanuel, jirani yake wa mstarini na wa shambani pia.

"Baba, wewe sauti yako unaichukua wapi?" Obed akamuuliza.

"Kwa Abrahamu," alisema mzee Emanuel, akashangaa kuulizwa.

Mtu mwenye akili ya kawaida angefunga kompyuta wakati huo. Obed alikaa juu ya gunia akacheka mpaka wazee wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. Kisha akapata wazo. Akawasimamisha wote wawili mbele ya maiki, bega kwa bega, na hedifoni moja akaigawa: sikio la kulia la mmoja, sikio la kushoto la mwingine, vichwa vimegusana kama watoto wanaochungulia tundu moja. Mzee Abrahamu ataimba. Mzee Emanuel atakuwepo tu, asiimbe.

"Nitakuwepo tu," aliahidi mzee Emanuel.

Ilipofika sehemu ya kwaya waliimba wote wawili, vizuri mno, na mzee Emanuel ndiye aliyesikika zaidi. Aliomba radhi. Wakarudia, akaimba tena. Alisema si yeye, ni mdomo, umezoea. Basi mama Obed akaitwa alete sahani ya viazi vilivyochemshwa vya chai, mzee Emanuel akawekewa kimoja kizima mdomoni na kuamriwa asikitafune mpaka aambiwe. Safari hii mzee Abrahamu, bega lake likiwa limegusana na bega analolijua na upande wa uso wake ukisikia joto la uso wa mwenzake, aliimba sauti ya nne mwanzo hadi mwisho bila kukosea, imenyooka, nzito, tamu. Kisha wakabadilishana kiazi. Viazi viliisha kabla ya sehemu hiyo kukamilika, lakini ilikamilika.

Wa mwisho alikuwa mama yake mwenyewe.

Elina, ambaye pale Yakobi kila mtu humwita mama Obed, huimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, pembeni kabisa karibu na dirisha. Alikuwa ameshinda akichemsha viazi, akileta chai, akitafuta blanketi jingine, akifanya kila kitu isipokuwa kukaribia maiki.

"Mimi ni wa kujaza mstari tu," alisema. "Sauti ya pili unao wengine. Inatosha."

"Anataka wote wanane, mama."

"Anataka. Mimi najijua."

"Mama."

Elina alifuta mikono kwenye kitenge, akaingia. Obed akamvisha hedifoni juu ya kilemba, akamweleza pa kuingilia, akarudi kwenye kompyuta.

"Sasa toka," alisema mama yake.

"Nitoke?"

"Siwezi kuimba mwanangu ananitazama kama polisi. Bonyeza hicho kidude chako, halafu toka uende kule kwenye ndizi."

Akabonyeza, akatoka, akaenda kule kwenye ndizi. Upande wa jirani walikuwa wanapasua magogo kwa msumeno wa mashine, hivyo hakusikia kitu. Baada ya muda mama yake alitoka ghalani, uso haujasema chochote, akauliza kama watu wote wamekunywa chai.

Obed alirudi Makambako akiwa na mafaili yake yote. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyeshusha mzigo. Ni katika wepesi huo alipofanya kosa lake, na kosa hilo angelifanya yeyote anayenunua bando la intaneti kwa pesa yake mwenyewe. Aliyatazama mafaili kwenye kioo cha kompyuta. Kila faili la mwimbaji lilikuwa na mstari mrefu mtupu mwanzoni, mtu anasubiri zamu yake, ni kama hakuna kinachosikika, kisha ndio mawimbi ya sauti yanaanza. Obed akajiuliza: mtu mwenye akili anatumaje ukimya? Kwa nini ale bando kwa kumpelekea Joackim mafaili yaliyojaa hewa ya ghala la viazi? Akachukua mkasi wa kwenye kompyuta, akakata kila faili pale sauti inapoanza, kwa macho tu, bila kusikiliza. Mafaili yakawa madogo, mazuri. Akayatuma Alhamisi, akaenda kula.

Joackim alipiga simu kabla hajamaliza kula, na alikuwa anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajui kama alie.

"Kaka Obed, hebu sikiliza." Akaweka simu kwenye spika. Kilichotoka humo kilikuwa ngoma, besi, kinanda, makofi, na watu wanane, wote wameanza kwa pamoja kama watoto walioambiwa kengele imelia. Kwaya ilikuwa inaitikia kabla hajaimba mtu. Mzee Abrahamu alimaliza na kuondoka kabla Konsolata hajashukuru mvua.

"Umezifanya nini?"

Obed akamwambia, polepole, habari ya bando.

"Ndugu yangu," Joackim alisema, na sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mimi nitajuaje mama fulani anaingia wapi? Mafaili yote lazima yaanze sehemu moja na yaishe sehemu moja, hata kama mtu anaimba neno moja tu mwishoni. Nikiyapanga hapa, kila mtu anakaa mahali pake mwenyewe. Ukimya nao ni sehemu ya kazi. Nitumie na ukimya. Halafu usiniletee faili ambalo hujalisikiliza lote, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Kesho jioni. Zaidi ya hapo naweka biti yangu, na sitakuwa na ubaya na wewe."

Bahati ya Obed ni kwamba alikuwa amekata nakala, mafaili mazima alikuwa bado nayo. Ijumaa asubuhi alifunga mlango wa studio, akavaa hedifoni, akaanza kusikiliza mtu mmoja mmoja tangu sekunde ya kwanza.

Alisikia mengi kuliko alivyotegemea. Ukimya haukuwa ukimya. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anahesabu kwa kunong'ona na anapotea na kuanza upya. Kijana mmoja alikuwa anapuliza vidole kwa baridi. Kwenye faili la mzee Abrahamu kulikuwa na kukohoa, kisha "Emanuel, upo?", kisha sauti ya mtu mwenye kiazi mdomoni akijibu kwamba yupo. Obed alicheka peke yake. Kila sehemu kama hiyo aliifunika kwa ukimya mtupu, bila kuikata, ili urefu ubaki uleule, akaenda kwa anayefuata.

Akafika kwa mama yake.

Mwanzoni palikuwa na pumzi tu, na mlango unafungwa, yeye Obed anaondoka. Muda ukapita. Kisha Elina akaanza kuongea, kwa kunong'ona, karibu kabisa na maiki, kwa Kibena, maana mambo mazito mama huyu hamwambii Mungu kwa lugha ya shuleni. Alisema: Bwana, unajua mimi sijui kuimba. Miaka yote hii nimejificha kwa wenzangu na wewe umenivumilia. Lakini leo mwanangu ameniomba mimi mwenyewe. Huyu mtoto anafanya kazi na watu wanaondoka nayo, naye anacheka ili mimi nisione. Mimi naona. Naomba sauti yangu isiwe ndiyo inayomharibia. Nipe tu ya leo, nyingine nitakaa nazo bila.

Akavuta pumzi. Akaingia, mahali pake hasa.

Obed alikuwa amepiga kinanda mbele ya mwanamke huyu tangu utotoni, mgongo wake ukiwa upande wa kwaya na spika ya kinanda ikiwa sikioni, na hakuwahi hata siku moja kuisikia sauti ya mama yake peke yake. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa na ukungu kidogo pembeni, ikipanda kwa tahadhari kama mtu anayepanda kilima amebeba maji, na haikumwaga hata tone. Ilikuwa nzuri. Obed alilia waziwazi, kwa sauti, hedifoni masikioni, bila kujisikia.

Mlango ukafunguliwa. Getruda alikuwa amesimama na kitana mkononi, na nyuma yake vichwa vitatu vilivyojaa rola.

"Nani kafa?" Getruda aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa unalilia nini, mkaka mzima?"

Obed akamvua kilemba, akamvisha hedifoni, akarudisha faili mwanzo. Getruda alisikiliza amesimama. Kisha akakaa. Wale wa rola walimwangalia, wakaangaliana, wakarudi kwenye viti vyao wenyewe bila kuuliza mtu ni mtoto wa nani.

Maneno yale hayakuwa ya Joackim. Obed aliweka nakala nzima kwenye flashi, akaiweka mfukoni, na kwenye faili la kutuma akayafunika kwa ukimya wa urefu uleule. Akaanza kutuma. Mafaili mazima yalikuwa mazito na mtandao ulikuwa unajivuta, na mchana ulikuwa unakwenda zake. Bando lake likaisha faili la saba. Getruda akamrushia la kwake, likaisha. Mteja mmoja, nywele zimesukwa nusu, akasema basi achukue kwenye simu yake, mradi mvutano huu wa roho uishe arudi kusukwa. Faili la mwisho lilifika Mbeya jua likiwa bado juu ya maghala, na saluni nzima ikapiga makofi.

Joackim hakupiga simu. Aliandika tu: "Zimekaa. Kila mtu mahali pake. Biti yangu nimeirudisha kabatini." Baadaye kidogo akaongeza: "Makofi umeyaleta kwa pamoja. Ningekugombeza, lakini nimeyaacha hivyohivyo, usiyaguse." Obed aliusoma ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba Getruda alimnyang'anya simu.

Jumapili ya wiki iliyofuata walikusanyika kwa Elina baada ya ibada, kwaya yote, na Konsolata amekuja na dagaa. Obed aliunganisha simu kwenye spika, akaiweka juu ya meza uani. Wimbo ukaanza. Ulikuwa uleule na ulikuwa mwingine. Ngoma ilikuwa inatembea chini ya miguu, makofi yalichelewa pale yanapochelewa, waimbaji wamekaa mmoja huku mwingine kule, na Konsolata alisimama katikati na nafasi ya kutosha kumzunguka. Kwaya ilipoingia mzee Abrahamu alinyanyua kidole.

"Huyo mimi," alisema.

"Huyo mimi," alisema mzee Emanuel.

Waliurudia mpaka majirani wakaja. Konsolata alicheza na watoto, akawafanya wale waliosema Wakatoliki hawajui kucheza waombe radhi. Mwisho wa wimbo fundi wa Mbeya alikuwa ametaja majina, na la Obed lilikuwepo, mtengeneza biti, Makambako, na kila lilipofika hapo walipiga vigelegele kama ndiyo kwanza wanalisikia.

Elina alikuwa anagawa chai. Alipofika kwa mwanawe aliinama, akauliza polepole wengine wasisikie.

"Mbona mimi sijisikii humo?"

"Umo, mama."

"Umejuaje? Tuko wengi."

"Nilikusikiliza peke yako, kabla sijatuma. Ilibidi nisikilize kila mtu peke yake."

Mama yake alisimama na birika mkononi. "Tangu pale ninapoingia?"

"Tangu mwanzo. Tangu nilipofunga mlango."

Elina akamjazia kikombe, akakijaza kuliko inavyofaa, chai ikamwagika kwenye sahani.

"Kumbe mlikuwa wawili mnaonisikiliza," alisema.